Mtu anapokea simu kwa laudspika kwenye chumba alichofia Tagore, yule mshairi wa India???

Wakuu nina hasira hadi mikono inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua, yule wa miwani ya jua hadi usiku na kila safari lazima aende laivu. Leo tupo Kolkata, tumeingia Jorasanko, nyumba ya ukoo wa kina Tagore, lile jumba la matofali mekundu, viatu tumevua, watu wananong'ona tu. Tukafika chumba alichofia mzee tarehe 7 Agosti 1941, ndani ya nyumba hiyohiyo aliyozaliwa 1861, na siku chache kabla ya kufa bado alikuwa anatamka mashairi wengine wanamwandikia maana mwili umeshagoma. Mbele yetu kuna bibi wa Kibengali kafumba macho, kaunganisha viganja. Kimyaaa. Ndo simu ya huyu mtu inalia. Singeli! Sauti ya mwisho, nadhani wameisikia hadi Bangladesh.

Anapokea. Anaweka laudspika. "Nipo kwa babu mmoja hivi wa ndevu, hamna kitu huku."

BABU MMOJA HIVI. Mtu kachukua Nobel ya fasihi 1913, wa kwanza asiye wa Ulaya, nyimbo za taifa za India na Bangladesh zote ni zake, Mwingereza kampa cheo cha Sir akakikataa 1919 baada ya watu kumiminiwa risasi Amritsar. Hamna kitu huku! Kwa laudspika! Namwambia kaka punguza sauti, ananijibu mbele ya kundi zima "dada tulia, kwani marehemu mjomba wako?" Na watu wakacheka. Bibi wa watu kafumbua macho, katuangalia wote, katoka. Laudspika jamani, kwenye chumba alichokatia roho mtu!

#2: Singeli ya nani mkuu? Tuanzie hapo kwanza.

#3: Huyo namjua, ndo aliyemaliza biriani ya wenzie kwenye treni akasema alikuwa anaonja.

#4: Dada umezidi. Ndevu si alikuwa nazo kweli?

#5 (mleta uzi): #4 LAUDSPIKA. Umesoma hapo? Bibi alikuwa anasali!

#6: Mnalilia simu, medali yenyewe ya Nobel iliibwa kwenye chuo alichoanzisha huko Santiniketan 2004, hiyo ndo ya kulilia.

#7: Mwacheni mzee wa Kolkata. Shaaban Robert kalala Machui hapo Tanga tangu 1962, humu wangapi mmefika?

#8: Mimi nimefika. Ila bodaboda aliyenipeleka mungu anamuona, bei ya kwenda tumekubaliana, ya kurudi kapandisha mara mbili eti jua limekuwa kali.

#5 (mleta uzi): Jamani turudi kwenye mada

#9: #8 afadhali wako kakurudisha, mimi wangu alienda kuweka mafuta mpaka leo namsubiri na kofia yake ninayo.

#8: Kofia yenyewe ina rangi gani?