Nimeambiwa utumbo "unavuja", dozi laki na themanini. Nitoe hela?

Dereva_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41, naendesha daladala. Mgongo unanisumbua, tangu mwezi wa 3 nameza diklofenaki karibu kila siku. Sasa tumbo linajaa gesi, nikila chapati ndiyo balaa. Jamaa anayeuza virutubisho kanishikisha kimashine kiganjani, akasema utumbo unavuja, sumu zinaingia kwenye damu. Mke wangu kasema niulize kwanza.

Kipara Ngoto: Msikilize shemeji. Kiganja na utumbo wapi na wapi?

Mama Shufaa: Tangawizi na asali asubuhi, wiki moja tu utaleta ushuhuda.

Mtu wa Darubini: Mkuu, huyo muuzaji kachukua neno la kweli akalifanyia biashara. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli. Fikiria mkeka wa ukindu, kili zimeshonwa ukingo kwa ukingo. Uzi wa kushonea huko ni protini, kama klaudini na okludini. Tofauti ni kwamba mshono wa utumbo u hai. Ndani ya kila seli kuna mkanda wa protini iitwayo aktini; ukijikaza, mshono unalegea kidogo. Ukila, sukari inapofyonzwa, hilo hutokea na maji yanapita. Klaudini nyingine kazi yake hasa ni kuacha njia ya chumvi na maji. Kwa hiyo kupitisha kidogo ndiyo kazi yake, si ugonjwa. Na seli zenyewe hubadilishwa kila siku 3 hadi 5.

Kipimo cha kweli kipo, ila hutumika zaidi kwenye utafiti: unakunywa sukari mbili, manitoli na laktulosi, kisha unakusanya mkojo kwa saa kadhaa. Manitoli ni ndogo, inapita kirahisi. Laktulosi ni kubwa. Ikionekana nyingi kwenye mkojo, mshono umelegea. Hakuna kiganja hapo.

Kipara Ngoto: Na ngano je? Nasikia kuna zonulini.

Mtu wa Darubini: Zonulini ni protini inayolegeza mishono hiyo. Watafiti kina Fasano waliitangaza mwaka 2000, na ngano huichochea, hasa kwa wenye ugonjwa wa siliaki, yaani kinga ya mwili kushambulia utumbo mtu akila ngano. Ila vipimo vyake vinavyouzwa vimeonekana kutopima protini yenyewe sawasawa. Dereva, ukitaka kupimwa siliaki, omba kipimo cha damu cha kingamwili, na USIACHE chapati kabla, majibu yatadanganya. Lakini mimi namshuku diklofenaki. Dawa za jamii hiyo hulegeza mishono na kuchubua tumbo. Choo chako kina rangi gani?

Dereva_Mbagala: Wiki iliyopita kilikuwa cheusi, kama lami. Nikadhani ni mboga.

Mtu wa Darubini: Unameza vidonge vya madini ya chuma?

Dereva_Mbagala: Hapana.

Mtu wa Darubini: Basi acha hizo diklofenaki, gari mpe dei waka, uende hospitali usiku huu. Hiyo inaweza kuwa damu.

Mama Shufaa: Mwanangu, tangawizi niachie mimi. Nenda.