Ushauri: wudi namba tatu inanikatalia nikiwa kwenye feawei, na mashindano ni mwezi ujao

Mkongwe wa Ipuli:

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mstaafu wa miaka 61, mkazi wa Ipuli hapa Tabora. Gofu niliijua ujanani nilipokuwa nabeba mifuko ya wachezaji kule Moshi, na mpaka leo sijaiacha. Draiva, ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, naipiga vizuri kwa kuwa mpira unakaa juu ya tii, yaani kijiti cha kuuinulia, na fimbo za chuma hazinisumbui sana. Lakini mpira ukiwa chini kwenye nyasi za feawei, yaani njia ya kuelekea shimoni, nami nikashika wudi namba tatu, fimbo ndefu ya kichwa kinene, ama nauparaza kwa juu ukabiringika hatua thelathini, ama fimbo inagonga ardhi kwanza na mkono unakufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Hali hii imenishika tangu baada ya Pasaka. Mwezi ujao nimealikwa kwenye mashindano ya wazee Dar es Salaam, nimeshaitikia mwaliko, na kila jioni ninarudi nyumbani moyo umejaa wasiwasi. Naomba mwenye ujuzi anieleze nisimameje na mpira niuweke wapi. Tafadhali msinishauri niiache fimbo hiyo, kwa maana bila hiyo mashimo ya par 5, yale marefu ya mikwaju mitano, kwangu hayafikiki.

Kadi Safi:

Shikamoo mzee wangu. Wudi namba tatu ina mwinamo wa digrii kama 15, yaani uso wake umelala nyuma kiasi hicho, na mwinamo huo ndio unaounyanyua mpira. Kazi yako ni kuufikisha uso wa fimbo kwenye mpira, basi. Mtu akitaka kuusaidia mpira upae, uzito wa mwili hubaki mguu wa kulia, na mahali ambapo fimbo inashuka chini kabisa panakuwa nyuma ya mpira. Hapo ndipo unapopata yote mawili uliyoyataja: ama fimbo inachimba kabla ya kufika, ama inafika ikiwa imeshaanza kupanda na kuuparaza mpira kichwani. Uweke mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, kiasi cha mipira miwili au mitatu ndani ya kisigino cha kushoto. Ukiuweka sawa na kisigino kama unavyofanya kwa draiva, umejitafutia matatizo. Ila naomba unijibu jambo moja: umesema shida imeanza baada ya Pasaka. Kitu gani kilibadilika wakati huo?

Fyekeo la Ujiji:

Mzee, mimi sijawahi kushika fimbo ya gofu hata siku moja, lakini nimefyeka nyasi miaka tisa kwenye viwanja vya shule hapa Kigoma, na maelezo yako nayafahamu kwa mkono. Mwanafunzi akipewa fyekeo kwa mara ya kwanza hutaka kuzichimba nyasi, na fyekeo humrudi kwenye ugoko. Anayejua huliachia lipite lenyewe, kiuno kikizunguka na mikono ikifuata, na nyasi hulala chini pasipo yeye kutoa jasho. Mwaka mmoja tulipewa eneo lenye mawe chini ya majani, na ndipo nilipojifunza kwamba ukikaza vidole, unalisikia kila jiwe. Legeza mikono, mzee, ufyeke.

Mtaratibu:

Naheshimu uzoefu wa ndugu wa Ujiji, ila ushauri wa kufyeka ndio ulionipotezea mimi miaka miwili. Niliambiwa wudi inafagia, nikafagia mpaka nikawa nauparaza kila mpira. Ukweli ni kwamba mpira ukiwa chini, fimbo inapaswa kuufikia ikiwa bado inashuka kidogo sana, kwa digrii chache tu, kisha iguse nyasi mbele ya mpira. Chora mstari kwenye mchanga kwa kijiti, simama kana kwamba mstari ndio mpira, piga bila mpira, kisha tazama alama imeanzia wapi. Ikianzia nyuma ya mstari, uzito wako umebaki kulia. Fanya hivyo mara ishirini kabla ya kugusa mpira wowote.

Mkongwe wa Ipuli:

Marahaba Kadi Safi, na nyote nawashukuru. Mpira ninauweka hapo hapo ulipoelekeza. Mstari nimeuchora jioni ya leo, na bila mpira alama ilianzia mbele ya mstari mara kumi na tano kati ya ishirini. Mpira ukiwekwa tu, mambo yanaharibika. Kuhusu Pasaka, hakuna kilichobadilika. Nadhani fimbo yenyewe imechoka, kwa kuwa nimeitumia zaidi ya miaka kumi. Nimeshampata mtu wa kuniletea wudi nyingine namba tatu yenye mwinamo wa digrii 13, ambayo anasema inapeleka mpira mbali zaidi, na nimemtumia nusu ya bei, shilingi 150,000.

Mama Wawili:

Baba yangu, sikukosei heshima, lakini shilingi 150,000 ni fedha ya kumvalisha mjukuu sare na viatu na ukabaki na ya daftari. Nimemuuguza baba yangu mzazi aliyeuza ng'ombe ili anunue redio kubwa, na redio ile tuliizika pamoja na majuto yake. Fikiri kwanza kabla ya kumalizia nusu iliyobaki.

Kadi Safi:

Mzee, hapo umeelekea pasipo. Digrii 13 ni ngumu kuliko 15, hasa mpira ukiwa chini. Unayeuparaza mpira unahitaji mwinamo mkubwa zaidi: namba tano yenye digrii 18 hivi, au hata namba saba yenye 21. Fimbo yake ni fupi kidogo, mpira unapaa upesi, na ukikosea hauadhibiwi sana. Wala namba kubwa si aibu. Mwaka 1935 kule Augusta, Marekani, mchezaji Gene Sarazen alikuwa yadi 235 kutoka shimo la 15, akapiga wudi namba nne na mpira ukazama shimoni kwa mkwaju wa pili kwenye par 5. Kwa mkwaju huo alimfikia Craig Wood aliyekuwa akiongoza, na kesho yake akamshinda katika marudio.

Mkongwe wa Ipuli:

Nimekusikia, mwanangu, lakini fedha imeshatoka, na huyo mtu ni mwaminifu. Tena siwezi kufika Dar es Salaam na namba saba mbele ya watu niliocheza nao tukiwa vijana.

Shuhuda:

Samahani, ndugu wasomaji, mimi nimeshaona uzi wa namba hii mara nyingi. Anaanza mzee mwenye shida, katikati anatokea muuzaji mwaminifu mwenye fimbo inayopeleka mpira mbali, na mwisho inawekwa namba ya simu. Nimeishi Tabora miaka minne, nimepita Ipuli, Cheyo na Isevya, na sijawahi kumwona mtu hata mmoja akipiga gofu. Hizo feawei ziko wapi? Naomba msimamizi autazame uzi huu.

Fyekeo la Ujiji:

Na mimi nilianza kujiuliza. Mtu anauparaza mpira kila siku, halafu anajua kuchora mstari na kuhesabu kumi na tano kati ya ishirini?

Mkongwe wa Ipuli:

Sikusema popote kwamba nina uwanja wa gofu; nimesema ninapiga mpira. Mahali pangu ni uwanda ulio nyuma ya miembe, ambako ng'ombe wa jirani hulishwa asubuhi, nami huenda saa kumi na moja jioni wanapokuwa wamerudishwa zizini. Nyasi ni fupi kwa sababu ng'ombe wamezila, na sasa ni kiangazi, hivyo ardhi yake ni ngumu na ina mchanga juu. Upande wa kichuguu nimesafisha duara la hatua nane, nikamwaga mchanga niliouchanganya na oili chafu ya gari ili usipeperuke, na katikati nimefukia kopo la maziwa ya unga, mdomo ukiwa sawa na ardhi. Nina mipira kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ulimezwa na shimo la panya wiki iliyopita. Nikipiga mitano sita inanibidi nisimame, nivue miwani niifute vumbi, ndipo niendelee, maana upepo wa wakati huu unapuliza mchanga moja kwa moja usoni. Watoto wawili wa jirani huniokotea mipira, na mimi huwalipa miwa. Ndivyo ninavyocheza. Namba ya simu ya mtu yeyote sitaiweka hapa.

Kadi Safi:

Miwani? Tangu lini unavaa miwani, mzee, na ni ya aina gani?

Mkongwe wa Ipuli:

Ni ya kawaida tu, ya umri. Haihusiani na jambo hili.

Kadi Safi:

Mzee wangu, nakuomba kwa heshima zote. Ni ya lini, na lenzi zake zikoje?

Mkongwe wa Ipuli:

Niliichukua juma lililofuata Pasaka. Ni yenye lenzi mbili katika fremu moja. Kuna mstari unaopita katikati, juu ni ya kuona mbali na chini ni ya kusomea. Kabla yake nilikuwa na ya kuona mbali peke yake. Imenigharimu shilingi 180,000, na niliambiwa niivae muda wote mpaka macho yazoee, kwa hiyo ninaivaa muda wote. Sikuitaja kwa sababu nilikuja kuuliza habari za fimbo.

Fundi Lenzi:

Mzee shikamoo. Mimi natengeneza miwani Kigoma mjini, na gofu sikuwa na habari nayo mpaka leo, ila hili naomba nilieleze kwa urefu kwa sababu wateja wangu wanaanguka ngazini kwa jambo hili hili. Kipande cha chini cha lenzi zako kimepimwa kwa ajili ya kitabu, yaani kiasi cha sentimita 40 kutoka machoni. Mpira ulio miguuni pako uko mbali zaidi ya mita moja na nusu. Ukishusha macho kuutazama, unautazama kupitia kipande cha kusomea, hivyo unauona ukiwa na ukungu na umekuzwa, na macho yakivuka ule mstari, mpira unaruka ghafla kutoka mahali pake. Shangazi yangu alivaa ya namna hiyo akashuka ngazi za kanisani, akaiona ngazi ya mwisho mahali ambapo haipo, akavunjika kifundo cha mguu. Nina hakika kwamba wewe, bila kujua, unabana kidevu kifuani ili uutazame mpira kwa kipande cha juu.

Kadi Safi:

Hapo ndipo penyewe. Kidevu kikibanwa kifuani, bega la kushoto halina mahali pa kupita wakati wa kuzunguka, linakisukuma kidevu juu, kichwa kinapanda na mwili mzima unapanda nacho. Fimbo inafika juu ya mpira. Siku nyingine unajihisi uko juu, unainama kufidia, na fimbo inagonga ardhi. Ndiyo maana kwenye mstari wa mchanga ulifanya vizuri, kwa sababu hapakuwa na kitu kidogo cha kukikazia macho. Na ndiyo maana draiva na fimbo za chuma zinakustahi: draiva mpira uko juu ya tii, na chuma ni fupi na ina mwinamo mkubwa, hata ukiupata vibaya unasogea. Wudi ni ndefu, uso wake umesimama, na mpira uko chini. Sentimita moja tu ya kichwa kupanda inaonekana.

Mkongwe wa Ipuli:

Maelezo yenu yana uzito, lakini mimi siwezi kutupa miwani ya shilingi 180,000 kwa ajili ya fimbo moja. Tena niliambiwa wazi kwamba nikiivua mara kwa mara sitaizoea kamwe.

Fundi Lenzi:

Hakuna anayekwambia uitupe. Ivae nyumbani, sokoni, na unaposoma. Ile ya zamani ya kuona mbali bado unayo? Kama macho yako kwa mbali hayajabadilika sana, ivae hiyo uwanjani. Jaribu kesho, mipira kumi kwa kila miwani, kisha utuambie.

Shuhuda:

Mzee, kama ni kweli, jaribu, na uandike matokeo yote, hata yale yasiyokupendeza.

Mkongwe wa Ipuli:

Nimerudi sasa hivi. Ya zamani niliikuta kwenye droo ikiwa imekatika mkono mmoja, nikaufunga kwa uzi. Nilianza na miwani mipya: mipira kumi, mitatu ilipaa, mitano niliiparaza, miwili niligonga ardhi. Nikavaa ya zamani, kidevu nikakiinua kama ilivyoelezwa hadi ngumi yangu ikaweza kupita kati ya kidevu na kifua. Mipira kumi, saba ilipaa, miwili niliiparaza, na mmoja ulikwenda kulia ukaingia kwenye mihogo ya watu. Ule wa nne niliupiga nikasikia ule mlio mkavu ambao sikuwa nimeusikia tangu kabla ya mfungo wa Kwaresima, na alama kwenye mchanga ilianzia mbele ya mahali mpira ulipokuwa. Mtoto mmoja alipiga makofi. Sioni haya kuandika kwamba nilikaa chini ya mwembe kwa muda kabla ya kuendelea.

Shuhuda:

Nimeridhika, mzee, na naomba radhi. Lakini ile ya digrii 13?

Mkongwe wa Ipuli:

Nimempigia. Hataki kurudisha fedha, nami sikumtazamia arudishe, ila amekubali kunibadilishia namba tano, na nusu iliyobaki nitammalizia nikishaishika mkononi. Namba saba bado siitaki, na msinishawishi. Kesho asubuhi napeleka miwani ya zamani kwa fundi aunge ule mkono, kwa kuwa treni yangu ni Ijumaa ya wiki ya tatu. Mipya nitaiweka kwenye mfuko wa shati, niivae nitakapokuwa naandika kadi ya alama.