Mguu umevunjika chini ya goti: pleti au ringi za nje?

Mluguru_Halisi: Wakuu, habari. Mdogo wangu kagongwa akiwa kwenye bodaboda, kavunjika mfupa wa muundi juu kabisa, pale unapoingia kwenye goti. Tumeambiwa tuchague: apasuliwe awekewe pleti (bamba la chuma la kushikilia mfupa kwa ndani), au afungwe ringi za chuma kwa nje. Ipi bora? Familia inasubiri jibu.

NesiZamu: Pole sana, mkuu. Ila hujatupa pa kushika. Umri? Kaumia lini? Kuna kidonda? Ana sukari? Anavuta sigara? Kapigwa CT skani au eksirei tu? Mivunjiko hii hupangwa kwa madaraja sita ya daktari wa mifupa Schatzker. La II ni upande wa nje tu umepasuka na kudidimia. La VI kichwa chote cha mfupa kimeachana na shina. Matibabu hayafanani.

Kitonga: Pleti. Goti ni kiungo, uso wake usiporudi sawa gegedu litasagika na atachechemea maisha yake yote. Kama pande zote mbili zimevunjika, zinawekwa pleti mbili, ndani na nje ya mguu.

MzeeWaRingi: Ringi! Ni njia ya Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyeianzisha kule Siberia. Nyaya nyembamba zinapita kwenye mfupa, ngozi haichanwi sana. Mimi niliruhusiwa kukanyaga mapema.

Kitonga: Na vipande vilivyodidimia nani atavinyanyua, mzee wangu?

MzeeWaRingi: Vinanyanyuliwa kupitia tundu dogo, daktari akiangalia kwenye skrini ya eksirei. Kazi yenu ni kuoga vizuri na kusafisha matundu ya nyaya, maana hayo ndiyo huota usaha.

MamaTabu: Nisikilizeni. Kaka yangu alivunjika hapo hapo. Hospitali sitaitaja. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, malengelenge yamejaa, na bado wakampasua haraka kwa sababu sisi ndugu tulikuwa tunapiga kelele afanyiwe upesi. Chale moja kubwa katikati, pleti pande zote. Kidonda hakikufunga. Ngozi ikawa nyeusi, ikafunguka, chuma kikaonekana. Akasafishwa thieta mara kwa mara, mwisho pleti zikatolewa na mfupa haujashika. Leo goti halipindi, choo cha kuchuchumaa hawezi. Mkuu, kabla ya kuuliza pleti au ringi, uliza uvimbe umepungua?

NesiZamu: Hapo dada umesema kweli. Husubiriwa mpaka ngozi ianze kukunjana tena, hata wiki mbili, mguu ukiwa umetulizwa na vyuma vya nje vya muda. Siku hizi pleti mbili huingizwa kwa chale mbili zilizoachana.

Shamba_Kubwa: Kwetu yupo mzee anaunga mifupa kwa mitishamba na vijiti. Hakuna kisu.

NesiZamu: Kwa mfupa uliovunjika katikati mtabishana, kwa goti hapana. Na msimkande! Shavu la mguu likikaza kama jiwe, maumivu yakazidi dawa, vidole vikafa ganzi, hiyo ni dharura ya saa chache. Mguu unaweza kukatwa.

Mluguru_Halisi: Asanteni. Ana miaka 34, sukari hana, sigara anavuta. Kidonda hakuna ila malengelenge yapo. CT Jumatatu.

NesiZamu: Sigara aache leo, inachelewesha mfupa na kidonda.

Kitonga: Mkiamua pleti, ombeni ya titani. Chuma cha pua kinasumbua picha za MRI.

MzeeWaRingi: Titani skrubu zake hugandamana na pleti, siku ya kuitoa mtajuta. Bora chuma cha pua.

Kitonga: Nani kasema lazima itolewe? Wengi wanaishi nayo.

Shamba_Kubwa: Ukipita uwanja wa ndege haipigi kelele? Shemeji yangu ana safari ya Muscat.