Nyie mnaopanda daladala kwa kupitia dirishani, mna nini lakini?

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe lugha.

Humu kila siku tunawasema makonda. Jana nimegundua konda ana nafuu, wabaya ni sisi abiria.

Saa 12 jioni, Kariakoo, mvua ndiyo imekatika. Mimi nimegeuza na gari ya Gongo la Mboto tangu Buguruni, yaani nimeipanda ikija Kariakoo ili nirudi nayo, nauli mara mbili, ili nikae tu maana mgongo unanisumbua. Gari haijasimama vizuri watu wameshaivamia. Mlangoni hakupitiki, wa kushuka hashuki, wa kupanda hapandi. Kuna mama ana mtoto mgongoni analia "jamani nishuke kwanza", nani amsikie! Mbeleko inavutwa huku, yeye anasukumwa kule.

Mara puu! Kimfuko cha nyanya kimetua siti ya pembeni yangu. Mzee mmoja, aliyepita mlangoni kama binadamu, anataka kukaa, sauti inatoka nje: "Hapo pana mtu!" Mtu gani, nyanya? Hajamaliza kushangaa, mguu huo dirishani, raba imejaa tope, ikatua pajani kwangu. Sketi nimeshonesha juzi tu, sasa ina alama ya soli mpaka namba ya kiatu unaisoma. Namwambia kaka taratibu basi, nimekaa hapa. Jibu: "Hutaki kubanwa, nunua gari lako."

Na watu wakacheka! Hicho ndicho kilichoniuma kuliko sketi.

Mzee wa watu kasimama hadi Ukonga. Yule kakaa, kafungulia vichekesho kwenye simu sauti ya mwisho, anacheka peke yake. Konda yuko bize na kioo cha dirisha kilichong'oka, ananiambia, "Dada, hiki cha pili wiki hii, na bosi anakata kwangu."

Msiniletee habari ya usafiri wa shida. Nyuma yetu gari mbili za ruti hiyohiyo zilikuwa zinaingia, konda anaita mpaka sauti inakauka. Dakika tano tu mtu hawezi kusubiri, bora amkanyage mwenzake.

Kufika kituo cha Mombasa (cha hapahapa Dar, si ile ya Kenya) jamaa akakurupuka, "Shusha! Shusha!", kasukuma watu, katoka mbio. Kimfuko kakiacha chini ya siti. Mwenye nyanya kama umo humu, tatu zilipasuka. Zilizobaki nimeungia maharage.