Naomba ushauri: nimfundisheje Botha, mageuzi na mkono wa chuma kwa pamoja?

Wakuu, habari za jioni. Naandaa somo la historia la kidato cha sita kuhusu Afrika Kusini chini ya P.W. Botha, kiongozi wa utawala wa ubaguzi wa rangi, na nimekwama.

Mwaka 1985 serikali yake ilifuta marufuku ya ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine; 1986 ikafuta sheria za pasi, zilizowalazimisha Waafrika kubeba vibali vya kuwa mijini. Juni mwaka huohuo ikatangaza hali ya hatari nchi nzima, maelfu wakawekwa kizuizini bila kesi, hata watoto. Bunge lake la mabaraza matatu (Wazungu, Machotara, Wahindi) liliwaacha nje Waafrika, ndio wengi! Katiba iliyounda bunge hilo ilianza kutumika 3 Septemba 1984, siku ileile vitongoji vya Waafrika vya Vaal, kusini mwa Johannesburg, vilipolipuka kwa maandamano na ghasia.

Nilipotanguliza mageuzi, wanafunzi walidhani Botha alianza vizuri akaharibikia njiani. Nilipotanguliza ukandamizaji, wakauliza: sasa pasi alizifuta kwa nini?

Je, nifuate mwaka kwa mwaka au nianzie Sebokeng, kimojawapo cha vitongoji hivyo vya Vaal, 1984? Na kuna mwenye masimulizi ya vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliosoma kwenye shule ya chama hicho Mazimbu, Morogoro, yanayofaa kusomwa darasani?