Taa ya injini inapepesa mara 7 na honda inakunywa mafuta, nisaidieni

mchuuzi_tumbe: Asalaam aleikum jamani. Honda yangu, pikipiki, ni ya injekta si ya kaburata, yaani mafuta yanapimwa na kompyuta, nabebea samaki huku Pemba kutoka Tumbe mpaka Chake kila alfajiri. Wiki ya pili hii taa ya injini inakuja na kuondoka, ikija inapepesa mara saba, kitabu chake kinasema ni sensa ya joto la injini. Ikiwa baridi inawaka vizuri tu, ikishachemka inakuwa nzito, sailensa inanuka petroli, nikiizima sokoni napiga stata weee ndo iwake. Fundi kanibadilishia plagi, siku mbili nyeusi tii. Sasa anasema hiyo kompyuta ya injini imekufa ninunue nyengine, na bei yake mi siiwezi. Kweli kompyuta hiyo?

pemba_spana: Waaleikum salaam. Usinunue kitu kwanza yakhe. Ile sensa ikiwa baridi ukinzani wake, yaani vile inavyozuia umeme kupita, mkubwa, ikipata moto unashuka, kompyuta inasoma hapo tu. Sasa kukiwa na kutu kwenye soketi au waya, kutu inaongeza ukinzani, kompyuta inadhani injini bado baridi inazidi kumwaga mafuta, ndo hiyo plagi nyeusi. Maji ya samaki yanamwagika wapi?

mchuuzi_tumbe: Tenga liko nyuma, maji ya barafu yanateremka chini ya siti.

kijana_wete: Yangu ilikuwa hivohivo nikabadilisha sensa ikatulia. Badilisha tu.

pemba_spana: Apime kwanza jamani, pesa ya mtu hiyo. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa, weka mita kwenye ohm, ndo kipimo cha ukinzani. Nyingi injini ikiwa baridi zinasoma kama kilo-ohm 2 mpaka 3, ikichemka inashuka mpaka mia kadhaa. Ikishuka taratibu bila kuruka sensa nzima. Halafu toa betri, chomoa na soketi ya kompyuta, pima kila waya mwisho mpaka mwisho, usizidi ohm 1, na huku unautikisatikisa. Usipime volti ukaridhika, mita itakuonesha 5 hata waya umeoza ndani, maana mita haivuti umeme wa maana.

mchuuzi_tumbe: Nshapima. Sensa baridi kilo-ohm 2.4, moto ikashuka vizuri. Waya mmoja sawa, wa pili unasoma ohm 900 mara 1500, nikiushika pale chini ya siti unaruka. Nimeuchana ganda, shaba ndani imegeuka kijani inapukutika kama unga, na nje ganda zima huwezi kujua!!

pemba_spana: Basi umeshaupata. Kata mpaka ufike shaba inayong'aa, hata ikiwa shibiri nzima, unga kipande kipya kwa lehemu si kwa kusokota, vika mpira wa kubana kwa moto, halafu upitishe mbali na hapo maji yanapopita. Soketi zote mbili zisafishe na upake grisi ya umeme. Na tenga liwekee sinia chini, ukirudi mwagia maji baridi yasiyo na chumvi siti na huko chini kila siku, hiyo chumvi haikuachi.

mchuuzi_tumbe: Allah akulipe kheri kaka. Nimekata kama shibiri na nusu. Leo siku ya nne taa haijarudi, sokoni inawaka kwa mguso mmoja, na plagi nimeitoa jioni hii imekuwa rangi ya biskuti.