Mgeni Uholanzi: ajue sheria tu, au azikubali na moyoni?

Ndugu zangu mlioko huku na mlioko nyumbani, naleta mada. Tujadili bila matusi.

Mdogo wangu kanipigia kutoka Tanga. Kaposwa na Mholanzi, na sasa anajiandaa na mtihani wa ubalozini, maana tangu 2006 mwenza anayetoka nchi kama zetu hapewi kibali mpaka afaulu Kiholanzi cha kuanzia, tena akiwa bado kwao. Mmarekani, Mjapani na Mkorea Kusini wamesamehewa. Nilidhani ataniuliza habari za sarufi. Akaniuliza, "Dada, ni kweli nikifika nitasainishwa kwamba nakubaliana na mambo yao?"

Nikamjibu ndiyo na hapana. Jibu la namna hiyo halimridhishi mtu anayefunga mizigo, kwa hiyo nalileta kwenu.

Kwenye lugha sina ugomvi na serikali yao. Iwe lazima. Sheria iliyoanza 1 Januari 2022 inadai wengi wetu tufike kiwango cha B1, yaani lugha ya kati ya kujitegemea, ndani ya miaka mitatu. Mimi niliingia enzi za A2, ngazi moja chini yake, nikaona nimeonewa, leo najua nilipunjwa. Na tuache kulia kwamba Kiholanzi kigumu. Sisi tuliokua na ki-vi, li-ya na u-i tunashindwaje na ngeli zao mbili, za "de" na "het"? Ile "g" yao ya kukwaruza koo, aliyepita chuo cha Kurani akasomeshwa kutamka "kheri" na "khamsa" sawasawa ameshaimaliza. Ugumu wenyewe uko kwa Waholanzi. Ukifungua mdomo kuagiza mkate, muuzaji anasikia lafudhi na kukujibu kwa Kiingereza, akidhani kakusaidia. Kiholanzi changu nilikipata kwa wazee ninaowahudumia kwenye nyumba ya wazee hapa mji wa Zwolle. Wao hawana habari ya Kiingereza, wanataka chai yao.

Kinachonikera ni ada. Aliyekuja kama mkimbizi, manispaa inamlipia masomo. Aliyekuja kwa ndoa anajilipia masomo ya lugha mwenyewe.

Sasa hiyo karatasi. Ni tamko la ushiriki: unafundishwa kuhusu uhuru, usawa na mshikamano, kisha unatia sahihi. Ukikataa, faini. Halafu kuna mtihani wa kuijua jamii yao. Nakumbuka darasani tulipewa zoezi: wanaume wawili wanabusiana kituo cha basi, wewe utafanyaje? Mama mmoja wa Goma akajibu kabla mwalimu hajamaliza kusoma machaguo: "Mimi nitaangalia kama basi inakuja." Darasa zima lilicheka, na mwalimu akampa alama.

Hoja yangu ni kwamba mama yule alijibu Kiholanzi kabisa. Waholanzi wenyewe wana neno "gedogen", kufumbia macho kitu usichokipenda ili watu waishi. Tazama maduka yao ya bangi: mtu mzima anauziwa hadi gramu tano bila kusumbuliwa, lakini aliyelipelekea duka mzigo kwa mlango wa nyuma ni mhalifu. Wameishi na kituko hicho tangu miaka ya sabini, na bangi ya mashamba yenye leseni imeanza kuuzwa kwa majaribio Breda na Tilburg Desemba 2023 tu. Watu wa namna hiyo ndio wanataka mimi niwe na moyo ulionyooka?

Na hapa jirani kuna Staphorst, Waprotestanti wa msimamo mkali ambao bibi zao wengine bado wanavaa mavazi ya asili na kofia zao. Chama kinachopendwa na watu wa imani hiyo, SGP, kiko bungeni tangu 1922. Kinapinga ndoa ya jinsia moja, kinapinga daktari kumsaidia mgonjwa kufa, na mpaka 2013 hakikuruhusu mwanamke agombee kwa tiketi yake. Wamezaliwa hapa, kwa hiyo hawasainishwi chochote.

Niseme na nililoliona kwa macho. Mwaka juzi mzee mmoja wa korido yangu aliomba afe. Sheria ya daktari kumsaidia mgonjwa kufa, iliyoanza 2002, haimpi mgonjwa haki ya kudai. Daktari anaweza kukataa. Anayekubali lazima ajiridhishe kwamba ombi ni la hiari, mateso hayavumiliki wala hayana dawa, na daktari mwingine asiyehusika aje amwone mgonjwa. Siku yenyewe msimamizi aliniita pembeni akaniambia, "Ukitaka, leo fanya kazi chini." Nikashuka. Nilikuwa nakunja mashuka nikaisikia lifti inapanda. Hakuna aliyeniuliza ninaamini nini. Kama penye jambo zito vile wamenipa nafasi ya dhamiri yangu, kwa nini mlangoni wanidai tamko?

Karibuni.

*

Mzee wa Bukavu, Den Haag: Dada, asante. Mimi niko na miaka 61, nilitoka kambini Uganda pamoja na familia. Masomo sikuyapata utotoni sababu ya vita, basi waliniweka kwa ile njia ya wasioweza B1: saa 800 za lugha na saa 800 za kushiriki kazi na jamii, mtihani hakuna. Ile sioni vibaya. Lakini karatasi nilisainishwa siku moja mkalimani ako na haraka, mutu anatazama saa. Nilitia sahihi kama vile natia kwa mahindi ya msaada. Kama wanataka nielewe, wanifafanulie. Kama wanataka sahihi tu, wameipata.

Mama Rotterdam: Usawa tuutie sahihi sisi peke yetu? Mmeshasahau kashfa ya posho za kulipia vituo vya kulelea watoto? Maelfu ya wazazi waliitwa matapeli, wakadaiwa pesa mpaka nyumba zikawashinda, na ikabainika uraia wa mtu ulitumika kama dalili ya hatari. Serikali ya Rutte, waziri mkuu wa wakati huo, ikajiuzulu Januari 2021, kisha yeye huyo huyo akarudi. Nani alimpelekea tamko atie sahihi? Naishia hapo, presha inapanda.

Wa Kampala: Samahani dada, wengi hapa mnaongea kama watu ambao sheria hizi haziwahusu. Mimi zinanihusu. Uganda 2023 wamepitisha sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ambayo ndani yake mna adhabu ya kifo, kwa ajili ya watu kama mimi. Nilipofika kambi ya waomba hifadhi huku, sikuwaogopa Waholanzi. Niliowaogopa ni wale niliokuwa naelewa wanachosema jikoni. Nililala na kiti kimeegemezwa mlangoni. Hiyo karatasi mnayoicheka, siku nilipoona kila mtu wa chumba kile ameitia sahihi, niliondoa kiti. Nilijua hawajabadilika moyo. Nilijua tu wameambiwa, na wanajua wameambiwa. Na hao SGP mnaowasema, si kwamba waliachwa. Mahakama ya juu kabisa ya huku ilisema mwaka 2010 kwamba serikali haiwezi kuendelea kuvumilia mwanamke kuzuiwa kugombea. Kwa hiyo kufumbia macho nako kuna mwisho.

*

Mwanzisha mada: Wa Kampala, ndugu yangu, nimekusoma mara mbili. Hilo la kiti sikulifikiria. Nilikuwa nawaza sahihi kama kitu kati yangu na serikali, kumbe kuna mtu wa chumba cha pili anayeisoma. Hapo umenirudisha nyuma, nakiri.

Lakini hebu tazama ulivyosema mwenyewe: hawakubadilika moyo, ila wameambiwa. Basi karatasi iandikwe hivyo hivyo. "Nimeelezwa kwamba huku wanaume wawili wanaweza kuoana tangu 1 Aprili 2001, kwamba mke ana haki sawa na mume, kwamba nikimgusa mtu kwa sababu hiyo nitashitakiwa." Hiyo mdogo wangu ataisaini bila kunipigia simu, na wewe utalala. Inayonishinda ni ya kusema maadili yao nayaheshimu. Mzee wa Bukavu naye angesaini anachokijua, shikamoo mzee.

Mama Rotterdam, sina jibu. Kunywa maji.

Na kabla sijasahau: Mtanzania akichukua uraia wa huku, sheria ya kwetu inamfutia wa nyumbani, wakati Mkenya, kwa sheria ya kwao tangu katiba ya 2010, anaweza kubaki na wake. Hilo linastahili mada yake, na mtu mwingine ailete, mimi naingia zamu ya usiku.

Aliyefanya mtihani wa ubalozini Dar hivi karibuni aniambie sehemu ya kuzungumza ilikuwaje. Mdogo wangu kusoma anajua. Akiongea na mashine anakuwa bubu.